Tuulize Nani Hakutia Saini

Kwa hesabu za watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, mwaka 2024 ulikuwa na migogoro ya kivita 61 inayohusisha serikali, idadi kubwa kuliko mwaka wowote tangu 1946. Hata hivyo, mikataba ya amani haikosekani. Ninachokitilia shaka ni desturi ya kusifu mkataba kwa ukubwa wa ukumbi ulimotiwa saini, bila kuuliza ni mwenye bunduki yupi aliyeachwa nje.

Sisi wa Mwanza tuna sababu ya kuuliza. Mwaka 1996 Mwalimu Nyerere alivikutanisha hapa vyama vya siasa vya UPRONA na FRODEBU vya Burundi, nchi iliyokuwa katika vita vya Wahutu na Watutsi, katika mazungumzo ambayo hayakufika mbali, na ambayo baadaye yalihamia Arusha. Mwalimu alifariki mwaka 1999 kabla kazi haijaisha, Mandela akaipokea, na mkataba ukasainiwa Agosti 2000 huku makundi makuu mawili ya waasi, CNDD-FDD na FNL, yakiwa hayamo. Vita viliendelea. CNDD-FDD waliingia mwaka 2003, FNL wakakubali kusimamisha mapigano mwaka 2006, yaani miaka kumi baada ya vikao vya Mwanza. Polepole hiyo ilidharauliwa sana, na kwa maoni yangu ilidharauliwa kwa makosa, kwa kuwa ndani yake lilipatikana jibu la swali gumu kuliko yote: jeshi litakuwa la nani. Arusha iliamua kwamba kabila moja lisizidi asilimia 50 ya jeshi, na mgogoro wa mwaka 2015 kuhusu muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza, pamoja na ubaya wake wote, haukurudisha vita vya Wahutu na Watutsi.

Sasa tazama Kongo. Mkataba wa Washington wa Juni 2025 ulisainiwa na Kongo na Rwanda. Waasi wa M23, waliokuwa wameshateka Goma na Bukavu, miji mikubwa ya mashariki mwa Kongo, walizungumza kando, Doha, Qatar. Desemba 4 mwaka huohuo marais wa nchi hizo mbili wakakutana Washington kuuthibitisha, na haikupita wiki M23 wakaingia Uvira, mji mwingine wa mashariki mwa Kongo. Mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza, ambaye wateja wake wako Kongo na Burundi, anahitaji kujua nani anashika barabara na nani anatoza ushuru njiani, na hayo hayakuamuliwa Washington.