Maji ya bwawa wakati wa kiangazi: yafunguliwe kiasi gani?

Mto ukishuka hadi mawe ya katikati yakaanza kuonekana, wote walioko chini hugeuza macho kwenye bwawa. Wanataka mlango ufunguliwe. Mwendeshaji wa bwawa naye anatazama kipimo cha kina, anahesabu miezi minne kabla ya mvua, anasita.

Tuanze na hesabu yake, maana mara nyingi huitwa mchoyo kabla hajasikilizwa. Kuachia mita za ujazo 2 tu kwa sekunde, maji ambayo mtu aweza kuyavuka kwa kukunja suruali, kwa siku 120 ni zaidi ya mita za ujazo milioni 20. Bwawa lenye akiba ya milioni 100 limetoa moja ya tano. Mvua ikichelewa, walewale waliodai maji ndio watakaouliza yamekwenda wapi.

Lakini kuyafungia si kuyatunza yote. Kwenye nchi za joto kali, jua laweza kunyonya kina cha mita 2 kwa mwaka. Bwawa lenye uso wa kilomita za mraba 10 hupoteza milioni 20 zilezile, na hakuna aliyenywa.

Kuhusu kiasi, wengi hukimbilia vipimo vya maji ya kuachiwa mtoni alivyopendekeza Mmarekani Tennant, mtaalamu wa samaki, mwaka 1976 kutokana na mito ya Montana, Wyoming na Nebraska. Kwake, asilimia 10 ya wastani wa mtiririko wa mwaka ilikuwa ya samaki kuponea tu, tena kwa muda mfupi. Ajabu ni kwamba hiyo 10 ndiyo hugeuzwa lengo, hata kwenye mito isiyofanana kabisa na ile.

Halafu kuna suala la maji yenyewe. Ya chini kabisa kwenye bwawa lenye kina kirefu huwa ya baridi na yenye oksijeni haba. Bwawa la Glen Canyon huko Marekani lilipoanza kuuzuia mto Colorado mwaka 1963, samaki wa asili waliozoea kuzaliana kwenye maji ya vuguvugu walipata shida, ingawa mto haukukauka. Mnara wenye milango ya kutolea maji kwenye kina mbalimbali husaidia, ila ni ghali kuuongeza bwawa likishajengwa.

Mimi naegemea kuachia sehemu ya kile kinachoingia kutoka juu, badala ya kiasi kimoja kisichobadilika, huku maji ya kunywa yakiwekewa kiwango kisichoguswa. Mwaka mbaya mto utapungua, kama ambavyo ungepungua bila bwawa. Udhaifu wake ni kwamba unahitaji vipimo juu ya bwawa na chini pia. Kikiwepo cha mlangoni peke yake, daftari litaonyesha maji yametoka, nawe ukishuka ukingoni ukahesabu pampu zinazonguruma pande zote mbili, utaelewa kwa nini mvuvi wa huko chini bado anakanyaga mchanga mkavu.