Gesi ya AC haiishi, sasa mwizi ni nani?

Likishapamba joto la kaskazi, hasa Februari na mwanzo wa Machi kabla ya masika kuanguka, maneno ya barazani juu ya mafundi AC huwa ni yale yale: wezi. Mwaka jana kaja, kapiga gesi, kalipwa. Mwaka huu AC inatoa upepo wa vuguvugu, kaitwa tena, kasema gesi imekwisha, kapiga tena, kalipwa tena. Siku hizi yameongezeka na maneno ya dawa yake: fundi wa mtaani azuiwe, AC iguswe na mwenye cheti peke yake, na anayetaka salama aende kampuni. Shauri hilo lina ukweli mwingi. Ila naona limemkamata mtuhumiwa mmoja na kumwacha wa pili akinywa kahawa yake barazani.

Mlalamikaji kwenye hoja ya msingi hajakosea. Gesi ya AC hailiki kama ile ya kupikia. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa: kule chumbani inageuka mvuke na kubeba joto, huku nje inarudi kuwa kimiminika na kulitua. Mashine ikiwa nzima, gesi iliyotiwa siku ya kwanza ndiyo itakayokuwa nayo mpaka inatupwa. Kwa hiyo fundi anayesema "gesi imekwisha" akanyamaza hapo, ametoa nusu ya habari. Nusu iliyobaki ni kwamba kuna mahali inavuja, na asipopatafuta atarudi kaskazi lijalo.

Wapo pia wanaopiga gesi isiyohitajika. Kapasita ya mashine ya nje imekufa, kitu cha bei ndogo na cha kubadilisha kwa dakika chache, mteja anaambiwa gesi. Mjusi kajikausha juu ya bodi ya umeme, mteja anaambiwa gesi. Bomba limevaa barafu, kila mtu anasema gesi, kumbe filta iliyojaa vumbi na hewa isiyopita nayo hugandisha vile vile. Na wapo wanaomwaga R-22, gesi ya mashine za zamani, ndani ya mashine ya R-410A, ambayo ni gesi ya aina nyingine, kwa kuwa ndiyo chupa waliyonayo, ilhali mafuta yake ni mengine na presha yake ni nyingine kabisa. Mteja atajuaje? Gesi haina rangi, na geji ya kupimia presha anaisoma fundi mwenyewe. Hao siwatetei.

Lakini tuulize: mbona AC zetu zinavuja sana? Nenda Mazizini au Mbweni, huku kwetu Unguja, kwenye nyumba zinazotazama bahari, uitazame mashine ya nje iliyokaa misimu michache. Mapezi ya alumini, yale mabati membamba kama karatasi, yamegeuka unga mweupe, ukiyagusa yanamong'onyoka. Bomba la shaba linapopita katikati ya alumini, maji ya chumvi yakiingia baina yao, metali hizo mbili zinakulana, na alumini ndiyo inayotangulia kuliwa. Vyuma vilivyoibeba mashine navyo vimeota kutu hadi inatetemeka ikiwaka, na kila mtetemeko unakwenda kwenye nati za mabomba. Hii ni kazi ya upepo wa bahari unaovuma mchana na usiku, kaskazi miezi hii na kusi miezi ile.

Nani kaiweka pale? Mwenye nyumba. Hakutaka ionekane mbele, ikapelekwa ubavuni, usoni kwa upepo. Dukani kulikuwa na mashine iliyopakwa dawa ya kuzuia kutu kwenye mapezi na nyingine isiyopakwa, akachukua ya bei ndogo. Mji Mkongwe ni tabu nyingine: mji uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2000, mwenye kujali haning'inizi mashine usoni mwa nyumba, anaisukuma uani au juu ya paa. Vizuri, lakini bomba linakuwa refu, na bomba refu lina viungo zaidi, na kila kiungo ni mahali pa kuvujia. Tena tangu siku ilipofungwa, mashine ile haijamwagiwa maji matamu hata mara moja ili kuiosha chumvi. Kazi hiyo haitaki fundi, inataka mpira wa maji na nusu saa ya Ijumaa.

Nilimtazama fundi mmoja huko Fuoni akitafuta uvujaji. Alikoroga sabuni ya unga ndani ya kikombe cha plastiki mpaka ikapanda povu, akachovya sifongo, akawa anapaka nati moja moja, na kila moja anaiinamia na kuingojea. Nati tatu hazikusema kitu. Ya nne, iliyokuwa nyuma ya mashine upande wa ukuta, ilitoa povu dogo kama punje ya mtama, likavimba taratibu, likapasuka, likatoka jingine. Akaikata ncha ya bomba, akaitanua upya, akafunga, akapaka tena, akangoja tena. Asubuhi nzima ilikwenda hapo. Mwenye nyumba alipotoka na kuambiwa kilichofanywa, alishangaa kweli: "Basi kukaza nati ndio pesa yote hiyo? Na gesi kidogo tu hiyo uliyotia?" Fundi alikunja waya wake akasema, "Haya ami, toa ulichonacho."

Fundi yule akitoka pale kajifunza nini? Kajifunza kwamba kutafuta hakulipwi. Chupa ya gesi inalipwa, kwa sababu mteja anaiona ikibebwa kupanda ngazi. Simu ya kwanza tunayompigia fundi inauliza kitu kimoja: "Kupiga gesi kiasi gani?" Sijamsikia mtu akiuliza bei ya kutafuta panapovuja. Mafundi wawili wakija, mmoja ataje bei ya gesi pekee na mwingine ataje bei ya kutafuta, kuziba, kujaribu na kutia gesi, tunamchukua wa kwanza na wa pili tunamwita mwizi. Soko limeshasema linataka kununua nini, na fundi mwenye watoto wa skuli anauza kinachonunuliwa.

Sasa kuna jambo moja ambalo sisikii likitajwa barazani, nalo linaua mashine kuliko uvujaji wenyewe. Ni unyevu.

Mabomba yakifunguliwa, hewa inaingia. Hewa yetu si kavu. Hata Juni nguo inatoka kabatini na harufu ya ubichi. Sasa, mashine za R-410A na R-32 zina mafuta yanayoitwa POE, ambayo yanavuta maji kutoka hewani kama chumvi iliyoachwa wazi jikoni wakati wa masika. Yakishayavuta hayayaachii kirahisi. Maji, mafuta na joto la kompresa, ile pampu inayoizungusha gesi, vikikaa pamoja vinazaa asidi, na asidi inazila waya za mota iliyomo ndani ya kompresa, inaondoa ule utando unaozitenga waya zisigusane. Hakuna dalili. AC inapoza vizuri, mwenye nyumba anamsifu fundi. Inapita kaskazi moja, pengine mbili. Halafu siku moja breka inaanguka, ikipandishwa inaanguka tena, na kompresa imekufa. Bei ya kompresa mpya pamoja na kuifunga inakaribia bei ya AC mpya, basi AC inatupwa.

Kinga yake inajulikana duniani kote na haina siri. Kabla ya kuachia gesi, mabomba yanaunganishwa na pampu ya vakyumu, hewa inanyonywa mpaka presha ishuke chini ya maikroni 500 (maikroni ni kipimo cha presha ndogo sana), wakati hewa tunayoivuta ina maikroni 760,000. Presha ikishuka kiasi hicho maji yaliyojificha ndani yanachemka yenyewe kwa joto hili hili la kawaida, yanageuka mvuke na kutolewa. Kisha pampu inazimwa, geji inatazamwa: ikitulia, kazi imekamilika, ikipanda, kuna uvujaji au kuna maji bado. Inachukua nusu saa hivi, na siku ya mvua zaidi.

Badala yake tunafanyiwa "kupulizia": gesi kidogo inaachiwa upande mmoja isukume hewa itoke upande wa pili, psss, sekunde chache, nati inafungwa. Hewa nyingi inatoka kweli. Maji yaliyokwisha kushika kwenye kuta za bomba na kwenye mafuta hayatoki.

Na hapa ndipo shauri la "nenda kampuni" linaponitia wasiwasi. Ufungaji wa kwanza ndio unaotaka vakyumu kuliko siku nyingine yoyote, kwa kuwa mabomba yote yamekuwa wazi. Nani anafunga AC siku hiyo? Mara nyingi ni vijana waliotumwa na duka, kwa sababu duka limetangaza kufungiwa ni bure. Kilicho bure lazima kiende haraka. Wana nyumba nyingine tatu kabla ya Magharibi. Wakipulizia, nani atajua? Kompresa itakufa baadaye sana, na wakati huo lawama itamwangukia fundi wa mtaani aliyekuja wiki iliyopita kubadilisha kapasita. Aliyekuja mwisho ndiye mwizi. Fulana yenye nembo haiutoi unyevu uliomo ndani ya bomba.

Tukirudi kwenye gesi yenyewe, hasara si ya mfuko peke yake. R-410A ikitoka hewani, kilo moja inapasha dunia joto sawa na kilo 2,088 za hewa ya ukaa, kwa hesabu ya miaka mia. Lita ya petroli ikichomwa inatoa kiasi cha kilo 2.3. Gawanya mwenyewe: kilo moja ya gesi, ambayo ndiyo karibu inayojaa AC ya chumba cha kulala, ni sawa na kuchoma lita 900 hivi za petroli, zaidi ya mapipa manne. Na sisi tunaitia kila mwaka kwenye bomba linalovuja. Watu wa visiwa vinavyoliwa na bahari ndio tulipaswa kuwa wa kwanza kulikasirikia hilo. Mkataba wa Montreal wa 1987 na marekebisho ya Kigali ya 2016 ndivyo vinavyozibana gesi hizi. R-22 katika nchi kama zetu inatakiwa iwe imeachwa ifikapo 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha kutengenezea mashine za zamani. Kabla mkataba haujafika mlangoni, Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla, inafika: AC yenye gesi pungufu haikifikishi chumba kwenye baridi iliyoagizwa kwa rimoti, basi kompresa haipumziki usiku kucha na yuniti zinayeyuka.

Na cheti je? Nakikubali kwa sababu moja nzito: R-32 iliyomo kwenye mashine mpya inashika moto, ingawa si kwa urahisi, na R-290, ambayo ni propani, inashika kwa urahisi. Mtu aliyezoea kuchomelea bomba bila kujua ndani mna nini atakuja kuunguza nyumba. Vituo vya amali tunavyo, Mwanakwerekwe, Mkokotoni, Vitongoji kule Pemba, na mafunzo mafupi kwa mafundi walio kazini tayari yangefaa zaidi kuliko marufuku. Marufuku yatafanya nini? Mwenye cheti atachukuliwa na mahoteli ya Nungwi na Paje, ndiko kwenye mshahara. Majumbani tutabaki na wachache wenye kujipangia bei, na Pemba pengine watabaki na simu ya fundi wa Unguja. Halafu cheti hakinunui pampu. Fundi aliyehitimu vizuri, akilipwa bei ya kupulizia, atapulizia.

Kwa hiyo anayeniuliza kabla ya kaskazi namwambia hivi: filta osha mwenyewe, mashine ya nje imwagie maji matamu, na ukimpigia fundi usianze na bei ya gesi. Muulize ana pampu ya vakyumu, na saa ya kutafuta anaihesabu vipi. Mwambie utailipa hata kama atakuta ni nati. Kisha simama chini ya ngazi. Akuoneshe povu. Akuoneshe geji imetulia pampu ikiwa imezimwa. Asiye na cha kuonesha mwache aende, bila ugomvi.

Kuna atakayesema bei hiyo ni mara mbili ya aliyozoea, na ni kweli. Aijumlishe na gesi ya kila kaskazi aliyokwisha kuilipa. Na kama hata hivyo haiwezekani, feni ya dari na madirisha mawili yanayotazamana hayavuji kitu.