Zana za admini: tunailaumu skripti bure

Watu wa Linux wana ubishi wao wa siku nyingi, kwamba zana za kusimamia mfumo, zile za kuongeza yuza, kuweka printa, kugawa diski, ziandikwe kwa lugha ya skripti (inayoendeshwa hivihivi ilivyoandikwa, kama Python) na kuvalishwa madirisha, au zibaki komandi tupu kwenye teminali. Mi naona wengi wanagombania kitu sicho.

Red Hat, kampuni ya Linux, walikuwa na ukoo mzima wa zana za system-config, nyingi zimeandikwa kwa Python na PyGTK (maktaba ya Python ya kuchora madirisha), na raha yake zana ikigoma unaifungua kwa vi, kihariri cha teminali, unasoma, unaona mstari uliokorogwa, unarekebisha hapohapo, hakuna cha kukompaili (kuigeuza kwanza iwe lugha ya mashine) wala nini. Kwa admini ambaye sio programa hiyo ni neema jamani. Sasa tatizo, PyGTK haikuwahi kuhamia Python 3, na Python 2 ikastaafishwa tarehe 1 Januari 2020, kwa hiyo zana ambayo kazi yake ni kuandika mistari michache tu kwenye faili la /etc, folda ya mipangilio ya mfumo, inakufa na dirisha lake, wakati faili lenyewe lipo vilevile.

Wanaoilaumu skripti hapo wanaionea. GParted, zana ya kugawa diski, ni C++, lugha ya kukompaili, na bado Fedora 25 (Linux ya ukoo wa Red Hat) ilipokuja na Wayland, mfumo mpya wa kuchora madirisha, mwaka 2016, GParted ikagoma kufunguka, maana ilikuwa inataka kuchora dirisha kwa ruhusa za root, yuza mwenye mamlaka yote. Kinachooza haraka ni dirisha.

Angalia YaST, zana ya kusimamia mfumo ya SUSE, Linux nyingine. Ilikuwa na lugha yake yenyewe, YCP, wakaigeuza yote kuwa Ruby ikatoka na openSUSE 13.1 mwaka 2013, na menyu zikabaki zilezile, kwa sababu sura na kazi walivitenga mapema: ukiwa mezani unapata madirisha ya Qt, ukiingia kwa mbali kwa teminali ya SSH unapata menyu za maandishi za ncurses. Nshawahi kuingia seva ya mbali kwa bando la simu saa saba usiku, dirisha la X (mfumo wa zamani wa madirisha wa Linux) linajichora polepole kama mtu anasuka mkeka, nikalifunga, nikaandika yast, Tab, Tab, F10, nikalala.

Ila wapenzi wa komandi wana hoja moja nzito, kubonyeza bonyeza hakurudiwi kwenye seva arobaini, na mtu anakaa miaka hajui nini kinaendelea chini ya kile kitufe. Hili IBM walilijibu zamani kwenye AIX, Unix yao, kwa SMIT, zana yao ya menyu za kusimamia mfumo (ile yenye kijamaa kinachokimbia, kazi ikifeli kinaanguka, utacheka). Unajaza fomu, unabonyeza F6, inakuonyesha komandi inayotaka kuiendesha, na ukishamaliza inakuachia zote kwenye faili la smit.script. Mzee mmoja niliyefanya naye kazi alikuwa hagusi Enta kabla ya F6, anainakili kwenye daftari kwanza, na baada ya muda fomu zenyewe akawa hazifungui tena, anafungua daftari tu.