Foleni ya Idara ya Dharura Haianzii Mlangoni

Kila msongamano wa idara ya dharura unapozungumziwa, lawama ya kwanza humwangukia mgonjwa mwenye mafua. Husemwa kwamba watu wanakuja na vikohozi, vidonda vidogo na maumivu ya mgongo ya mwezi mzima, wanajaza viti, na hivyo kuwachelewesha waliozidiwa. Nimefanya uuguzi katika idara hiyo kwa muda wa kutosha kuamini kwamba maelezo hayo ni mepesi kupita kiasi, na kwamba wanaoyarudia, wakiwemo wakuu wa hospitali ambao walipaswa kujua zaidi, wanatutwika sisi wauguzi mzigo ambao chanzo chake kiko kwingine kabisa.

Mwenye mafua anahitaji kiti, dakika chache za mtaalamu na pengine karatasi ya dawa. Anayeijaza idara ni yule ambaye amekwisha kupimwa, ameanzishiwa matibabu, daktari ameandika alazwe, lakini kitanda cha kumpokea wodini hakipo, na kwa hiyo anabaki kwenye machela yetu kwa saa nyingi, wakati mwingine hadi zamu inayofuata imkute palepale. Kitanda hicho hakipo kwa sababu aliyekilalia, ingawa amepata nafuu, anasubiri raundi ya madaktari, au dawa zake za kuondoka nazo hazijaandaliwa, au nyumbani hakuna wa kumtunza. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uliohusisha idara za dharura za jimbo la Ontario, Kanada, ukaonyesha kwamba kila wagonjwa 10 wenye matatizo madogo wanaofika ndani ya saa 8 huongeza dakika 2 hivi tu kwenye muda ambao wagonjwa wenye hali nzito husubiri kumwona daktari. Dakika 2! Nawaza ni mabango mangapi ya kuwasihi watu wasije na mambo madogo yamechapishwa kwa ajili ya kuokoa dakika hizo.

Kwa muuguzi, maana ya jambo hili ni kwamba anafanya kazi mbili kwa mikono miwili ileile. Mgonjwa anayesubiri kitanda anastahili uuguzi wote wa wodini: dawa zake kwa saa zake, kugeuzwa ili asipate vidonda vya mgandamizo, kusaidiwa kula, kusafishwa, kuhesabiwa mkojo. Wakati huohuo mlango haufungwi, na wanaoingia wanakuja na saa zao ambazo hazina subira. Mwenye maumivu ya kifua anatakiwa afanyiwe kipimo cha umeme wa moyo na kisomwe ndani ya dakika 10 tangu afike. Anayeshukiwa kuwa katika mshtuko uliotokana na maambukizi, yaani shinikizo lake la damu limeporomoka kwa sababu yake, anatakiwa apate antibiotiki ndani ya saa 1. Mwenye kiharusi kilichosababishwa na damu kuganda ana takriban saa 4 na nusu tangu dalili zianze ili afaidike na dawa ya kuyeyusha donge hilo, na mara nyingi sehemu kubwa ya muda huo imekwisha kupotea kabla hatujamwona. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachomshinda muuguzi aliyefunzwa vizuri. Kinachomshinda ni kuvifanya vyote huku mzee wa kwenye machela ya tatu, ambaye alipaswa kuwa wodini tangu jana, akiita kwamba anataka kwenda chooni, naye ana haki kamili ya kuita.

Mahali ambapo mzigo huu unakuwa hatari kweli ni kwenye kuwapanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao. Wazo lenyewe ni la zamani na ni la haki: Dominique Jean Larrey, daktari wa upasuaji katika jeshi la Napoleon, anakumbukwa kwa kusisitiza kwamba majeruhi atibiwe kwa kadiri ya jeraha lake, si kwa cheo chake. Mfumo wa Manchester, ulioandaliwa Uingereza katika miaka ya 1990, unatumia rangi tano: nyekundu ni wa kuhudumiwa papo hapo, chungwa ndani ya dakika 10, njano ndani ya dakika 60, kijani ndani ya dakika 120 na bluu ndani ya dakika 240. Aliyetangulia kufika akipitwa na aliyefika baadaye, huo ndio mfumo ukifanya kazi yake. Ndugu wa mgonjwa wengi hulielewa hilo wakielezwa kwa utulivu, hata kama hawalipendi.

Lakini rangi ni ahadi, na pia ni picha ya dakika moja. Mama aliyepewa njano akiwa na maumivu ya tumbo anaweza kuwa mwekundu nusu saa baadaye, mapigo yakiwa yamepanda na shinikizo la damu limeshuka, na atakuwa ameketi kwenye kiti kilekile, amenyamaza, kwa sababu anayevuja damu ndani kwa ndani hana tena nguvu za kulalamika. Kila mfumo wa namna hii umejengwa juu ya dhana kwamba kuna mtu anayezunguka na kuwapima upya wanaosubiri. Mtu huyo ni nani? Ni muuguzi yuleyule anayegawa dawa za wodini kwenye korido. Wenzangu wengi wameniambia kwamba kinachowafuata hadi nyumbani baada ya zamu si wale waliowaona wakifa wakiwa wamezungukwa na timu nzima, bali wale waliokuwa kwenye viti na ambao hakuna aliyepata nafasi ya kuwarudia. Nami ndivyo ninavyoona. Muuguzi anayekuambia kwamba anaogopa eneo la kusubiria kuliko chumba cha kufufulia wagonjwa hakutanii.

Humohumo ndimo hasira zinamozaliwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya asilimia 8 na 38 ya wahudumu wa afya hufanyiwa ukatili wa kupigwa au kushambuliwa mwilini wakati fulani katika maisha yao ya kazi, achilia mbali matusi na vitisho, ambavyo kwetu vimekuwa kama kelele za kawaida za mashine. Simtetei anayempiga mhudumu. Huyo apelekwe panapostahili. Ila ninaona kwamba mtu aliyekaa na mtoto mwenye homa kwa saa tano, bila neno kutoka kwa yeyote, hana mwingine wa kumfokea isipokuwa aliyevaa sare na kusimama mbele yake. Mwenye mamlaka juu ya vitanda yuko ghorofa nyingine, nyuma ya mlango uliofungwa. Mimi ndiye ninayeomba radhi kwa ucheleweshaji nisioweza kuupunguza, na nikitoka hapo natakiwa kujaza fomu ya tukio ambayo ni ndefu kuliko tusi lenyewe, ndiyo maana wengi hawajazi, na ndiyo maana takwimu za hospitali huonyesha amani.

Kuhusu uchovu, nitasema kidogo tu. Mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani lilipoidhinisha toleo la 11 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, lilieleza hali ya kuishiwa nguvu za kazi kuwa ni matokeo ya msongo wa muda mrefu kazini ambao haukudhibitiwa vyema, yaani lilikihusisha kitu hicho na kazi. Jibu tunalopewa huwa ni semina ya kujifunza kupumua. Nilihudhuria moja baada ya zamu ya usiku, na nikalala usingizi mzuri sana.

Ninachokitaka ni kwamba foleni igawanywe. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Stony Brook, jimboni New York, ilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 utaratibu wa kuwapeleka baadhi ya wagonjwa waliokwisha kuandikiwa kulazwa kwenye korido za wodi pale idara ya dharura inapofurika, badala ya kuwarundika wote kwenye korido moja ya chini, na wagonjwa walipoulizwa, wengi walipendelea korido ya wodini. Wauguzi wa wodi hupinga wakilisikia hili, na hoja yao kwamba nao hawatoshi ni ya kweli. Hata hivyo, wodi kumi zikipokea mgonjwa mmoja mmoja wa ziada, kila moja itabanwa kidogo. Idara moja ikibaki na wote kumi, hakuna atakayeangalia viti. Tena mgonjwa aliyelala mbele ya meza ya wodi huharakisha kuruhusiwa kwa waliopona kuliko simu zozote nilizowahi kupiga.

Pamoja na hilo, waliopona waruhusiwe kabla ya adhuhuri, siku za mapumziko zikiwemo, maana idara yetu haina mapumziko. Na kila asubuhi mkurugenzi asomewe, mbele ya wakuu wote wa wodi, idadi ya saa ambazo kila mgonjwa alikaa kwetu kati ya kuandikiwa kulazwa na kuondoka, kwa sababu kwa sasa saa hizo zinahesabiwa kuwa ni uzembe wa idara ya dharura, na anayeulizwa ni muuguzi.