Kimya gani hicho?

Mwandishi wa makala moja niliyosoma anasema waandishi waliozaliwa mjini huenda msituni "kutafuta kimya". Kimya kipi? Mimi mtoto wa Ilala, nimekulia kwenye honi na spika za kigodoro, lakini usiku wangu wa kwanza Amani, kwenye msitu wa milima ya Usambara, kule juu Muheza, sikulala kabisa. Perere, kale kamnyama ka mitini, analia kama anachinjwa, vyura wanaitikia, na alfajiri hondohondo akipita juu ya bati mabawa yanavuma kama mtu anakung'uta mkeka. Asubuhi nikachuchumaa kwenye jiwe lenye majimaji nikikaandikia shairi kale kaua ka zambarau kanakoitwa African violet, kale ambako Mjerumani alikapeleka kwao mwaka 1892 na sasa kako madirishani Ulaya nzima. Mzee mwenyeji wangu akasimama pembeni, akacheka kidogo. "Mwanangu, kaua umekaona. Na huo mti uliouegemea?" Sikujua. Ulikuwa msambu, mbegu zake zinakamuliwa mafuta, na mkewe alikuwa na kapu zima uani. Shairi nililifuta. Tangu hapo daftari langu lina kurasa tatu za majina ya miti kwanza, tena kwa Kisambaa, na bado naulizia.