Mgambo wa Shangazi

Shangazi yangu alipokuwa anapigwa mionzi ya saratani ya mlango wa kizazi, kila Jumatatu alitolewa damu kwanza ndipo awekewe dripu ya sisplatini, dawa ya saratani inayokwenda pamoja na mionzi. Wiki ya tatu nesi akarudi na karatasi: chembe nyeupe zimeshuka, dripu ya leo tunaiahirisha. Shangazi, aliyekuwa amebana mkojo kwa sababu kibofu kinatakiwa kijae kabla ya kulala kwenye mashine, akamuuliza, "Mwanangu, hao weupe si ndio mgambo wangu? Mbona mnawachoma pamoja na mwizi?"

Nesi akacheka. Mimi swali lile halijanitoka mpaka leo.

Tumezoea kusema mionzi inachoma uvimbe, basi. Ni kweli inakatakata vinasaba vya seli ya saratani. Lakini saratani hii karibu kila mara huletwa na kirusi cha HPV, na seli zake hubaki na protini za kirusi hicho, vitu vigeni kabisa mwilini. Seli ikifa kwa mionzi humwaga vitu hivyo nje, na limfosaiti, aina ya chembe nyeupe za damu, hasa zile ziitwazo CD8 zinazoua seli zenye kasoro, zikishavinusa huweza kuzisaka seli za saratani zilizobaki. Ndiyo maana tafiti nyingi zimekuta kwamba mwanamke ambaye uvimbe wake una CD8 za kutosha kabla ya tiba huelekea kupona vizuri kuliko ambaye uvimbe wake hauna mlinzi. Na kwenye lawama yake Shangazi hakukosea: limfosaiti hufa upesi mno kwa mionzi, na mifupa ya nyonga inayopigwa humo humo ndiyo moja ya viwanda vikubwa vya damu. Wanaoshuka sana limfosaiti wakati wa tiba, mara nyingi matokeo yao huwa mabaya zaidi.

Kinachonikera ni hiki. Kile kipande kidogo cha nyama kilichokatwa kwenye uvimbe siku ya kwanza ili kipimwe kinaulizwa swali moja tu, saratani ipo au haipo, kisha kinawekwa kabatini ndani ya kipande cha nta. Mgambo wamo humo humo! Rangi ya kawaida ya maabara inawaonyesha kwenye darubini. Kuwatenga CD8 ndiko kunakotaka rangi ya ziada.

Utaniuliza, tukishawahesabu itusaidie nini? Tazama dawa za kuamsha kinga. Katika jaribio la KEYNOTE-A18, pembrolizumab, moja ya dawa hizo, ilipoongezwa kwenye mionzi na sisplatini, wanawake waliokuwa hai baada ya miaka 3 walikuwa asilimia 82.6, dhidi ya 74.8 bila dawa hiyo. Katika jaribio la CALLA, durvalumab, dawa ya ukoo huo huo, haikuleta tofauti ya maana. Dawa ya bei ile huwezi kuigawa kama panadoli. Lazima ujue nani ana mgambo wa kuamshwa. Na kwetu, ambako wagonjwa wengi wa saratani hii wanaishi na VVU, hatuwezi kungoja wenzetu wa mbali watuhesabie. Damu zetu si zao.

Shangazi alimaliza vipindi vyote 25 na mionzi ya ndani, na sasa amerudi kwenye genge lake la nyanya. Kinyama chake nadhani bado kipo kabatini. Mgambo wake hakuna aliyewahi kuwahesabu.