Godoro la Pili la Nani?

Jamani, mimi nilitaka godoro tu. Tano kwa sita, inchi nane, maana la zamani lilishachimba bonde katikati, mimi na Mama Zuwena tukilala tunakutana hata tukiwa tumenuniana. Nikaingia mtandaoni dakika mbili kuangalia bei, nikaona si za watu wa Mbagala, kesho yake nikaenda Manzese nikalipa keshi, nikalipakia kwenye bajaji. Kwisha habari.

Kwisha habari wapi! Nafungua habari za mpira, godoro. Utabiri wa mvua, godoro. Nasoma tanzia, hapo katikati ya marehemu na wafiwa, godoro, tena lina punguzo! Mama Zuwena akachungulia simu. "Baba Zuwena, godoro si tunalo? Hili la pili la kumlaza nani?"

Nikamkimbilia mpwa wangu, fundi simu. "Anjomba, hivyo ni vidakuzi." Nikasema ndiyo maana, neno lenyewe linanuka udaku. Akanieleza: tovuti inakuachia kijikaratasi chenye namba ndani ya simu yako mwenyewe, ili ukirudi ikujue. Alivibuni Lou Montulli wa kampuni ya Netscape mwaka 1994, na nia ilikuwa njema, duka la mtandaoni lisisahau ulichoweka kikapuni. Kama Mangi na daftari lake la mkopo. Lakini Mangi hana shida. Mwenye shida ni kampuni ya matangazo, imejibanza kwenye tovuti ya magodoro, ya mpira, mpaka ya tanzia, na kote huko inasoma kijikaratasi chake kilekile.

"Kwani huwa hawakuombi ruhusa, anjomba?"

Wananiomba sana! Tangu Ulaya waanze kutumia sheria yao ya data Mei 2018, na mimi huku Mbagala nasimamishwa kila mlango. "Kubali zote" ni kitufe cha kijani, kikubwa kama sinia la pilau. Kukataa ni maandishi ya kijivu ya kusomea miwani. Ukiyabonyeza unapelekwa kwenye orodha ya "washirika wetu", ndefu kuliko kamati ya harusi, na kila mshirika ana swichi yake ya kuzima. Unafika herufi C, bando limekata.

Mpwa akaingia kwenye mipangilio ya kivinjari, ile programu ya kufungulia tovuti, sehemu ya faragha, akazuia vidakuzi vya hao wapita njia, vya wenye tovuti akaviacha. "Vya zamani je?" Nikamwambia futa vyote, nimechoka.

Hasira hasara. Barua pepe ikanitoa nje, ikataka nywila niliyoiweka Zuwena akiwa bado tumboni, na sasa yuko darasa la tano. Na tovuti zote nilizokwisha kuzikatalia zikaanza kuniuliza upya, kumbe hata ile "hapana" yangu ilikuwa imetunzwa kwenye kidakuzi! Yaani ili wakumbuke kwamba sitaki kukumbukwa, lazima wanikumbuke.

Lakini godoro lilipotea. Nikarudi nyumbani kifua mbele, nikamkabidhi Mama Zuwena simu akague mwenyewe. Akapita mpira, akapita mvua, akapita tanzia. Kimya. Akainua macho.

"Jana lilikuwepo, leo halipo. Umefuta na nini kingine?"